Redio ya Setilaiti na Sikio la Mwananchi

Mwezi Desemba mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge la Jamhuri changa ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, na kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu. Maneno hayo yamekaririwa sana mashuleni, na aghalabu wanafunzi huyafasiri kwa kutaja ngoma, mavazi, vyakula na mapokeo ya jando. Sisi tunadai kwamba yanahusu pia jambo dogo ambalo watu hawalihesabu kuwa utamaduni hata kidogo: ni sauti gani inayoachwa isikike mchana kutwa mahali pa kazi, na ni sauti gani inayowashwa nyumbani jioni. Kuchagua redio ni kuchagua nani aseme nasi. Anayesema nasi kila siku, hatimaye hutufundisha namna ya kuwaza.

Tunalisema hili tukiwa Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga. Hapa ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Shinyanga, na hapa ndipo kilipo kituo kikubwa cha kupozea umeme. Kaskazini na magharibi yetu kuna ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita. Upande mwingine kuna almasi ya Mwadui. Na katikati ya yote kuna mashamba ya pamba, mtama na mpunga. Ni nchi ya watu wanaofanya kazi ngumu, na watu wa kazi ngumu hupenda sauti iwasindikize. Ndiyo maana redio haikosekani katika karakana, kinyozi, duka la vipuri, mgahawa wala ofisi.

Sasa limezuka wazo, nalo linaenezwa na wenzetu wenye kipato, kwamba redio za hapa nyumbani ni za kishamba, na kwamba mtu mstaarabu hujichagulia sauti itokayo kwenye setilaiti. Hufunga ungo juu ya bati, hununua king'amuzi, hulipa ada ya mwezi, kisha hufungua moja ya vituo vya muziki vinavyotiririka usiku na mchana bila mtangazaji, bila habari, bila tangazo. Wanazo hoja zao, nasi hatutazificha. Wanasema sauti hiyo ni safi, haina mikwaruzo. Wanasema haikatizwi na matangazo ya biashara. Wanasema ina vituo vingi, kila mtu na chake. Na wanasema kwamba umbali si neno, kwani hata umeme wenyewe hutoka mbali.

Hebu tuanze na hoja hii ya mwisho, maana ndiyo yenye akili kuliko zote. Ni kweli kwamba umeme wa Ibadakuli hutoka mbali. Njia kuu ya umeme itokayo Iringa, ikapita Dodoma na Singida hadi kufika Shinyanga, ina urefu wa kilometa 670. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeukataa umeme huo kwa sababu haukuzalishwa Usukumani. Lakini umeme hauleti maneno. Ukifika nyumbani kwetu hautuambii tupike nini, tuimbe nini wala tumcheke nani. Sisi ndio tunaouamuru. Sauti haiko hivyo. Sauti huja na lugha yake, na mizaha yake, na mashujaa wake, na kipimo chake cha uzuri. Kuulinganisha umeme na wimbo ni kulinganisha maji na mawaidha eti kwa kuwa vyote humiminwa.

Wala tusidhaniwe kuwa tunaipinga setilaiti yenyewe. Chombo ni chombo. Bara letu lilipata kuwa na redio yake ya setilaiti, na historia yake ni somo ambalo kila mwanafunzi yafaa alijue. Mwaka 1990 Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, alianzisha kampuni iliyoitwa WorldSpace kwa nia ya kuwafikishia maarifa watu wa nchi zisizo na mitambo ya kutosha. Mwezi Oktoba mwaka 1998 setilaiti ya AfriStar ilirushwa angani, ikakaa juu ya Ikweta kwa umbali wa kilometa zipatazo 36,000, na mwaka 1999 ikaanza kurusha matangazo Afrika nzima. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa pembeni kabisa mwa jangwa au kisiwani aliweza kupata sauti safi kama ya mtu wa mji mkuu. Nchini Kenya chombo hicho kilitumika hata kupelekea shule vipindi vya masomo. Lilikuwa ni wazo kubwa, nasi tunaliheshimu.

Lakini tazama lilivyokwenda. Ili kusikia sauti hiyo ilimpasa mtu anunue redio ya namna yake peke yake, ambayo mwanzoni bei yake ilizidi dola 100, fedha ambazo mkulima wa pamba angezipata kwa jasho la siku nyingi. Antena yake ilipaswa kuiona mbingu: chini ya bati ilikuwa haisikii kitu, hivyo msikilizaji alilazimika kuitoa dirishani au uani. Baadaye vituo vilivyopendwa vikafungwa kwa kufuli la ada. Hatimaye, mwezi Oktoba mwaka 2008, kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani kwa sababu ya kufilisika, na haikuchukua muda huduma kwa wasikilizaji wa kulipia ikakoma. Setilaiti iliendelea kuzunguka angani, na redio ziliendelea kukaa juu ya makabati, ila upande wa setilaiti haukuwa na la kusema. Wahenga walituonya mapema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Somo la AfriStar ni hili. Msikilizaji hakushauriwa siku ya kuanza, wala hakushauriwa siku ya kukoma. Hakuwa na mlango wa kubisha. Redio aliyoilipia ilikuwa mali yake, lakini sauti iliyomo ilikuwa ya mwenyewe. Na vivyo hivyo ndivyo ilivyo leo kwa ving'amuzi: siku ada inapokwisha, sauti hukatika, hata kama jambo kubwa limetokea nchini usiku huo. Mtu wa namna hiyo ni mpangaji. Hupewa sauti kwa mwezi, na hunyang'anywa kwa mwezi.

Sasa tuulizane: je, katika mila zetu msikilizaji alikuwa mpangaji? La hasha. Katika Usukuma msikilizaji alikuwa hakimu. Kila mwanafunzi wa Shinyanga yafaa awe amesikia habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyochukua majina yao kwa Ngika na Gumha, manju wawili waliokuwa mahasimu. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana, kila kimoja na uwanja wake, kila kimoja na manju wake, ngoma zikipigwa wakati mmoja. Mshindi hujulikana kwa jambo moja: watu wamejaa upande gani. Msikilizaji akichoshwa huondoka, akavuka kwenda kwa wapinzani, na manju humwona akivuka. Kwa hiyo manju hana budi kubadili wimbo papo hapo, kuingiza kisa cha kijiji, kumtaja mchoyo, kumkejeli mpinzani, hata watu warudi. Huo ndio uhusiano wa mwimbaji na sikio tulioachiwa na wazee: mwimbaji anamsikia anayemsikiliza.

Fikiri pia juu ya kazi. Wapo wanaodhani kwamba kusikiliza muziki kazini ni ustaarabu ulioletwa na mashine. Bugobogobo ni nini basi? Ni ngoma ya jembe. Wakulima hupanga mstari shambani, ngoma hulia, majembe hupanda na kushuka kwa pigo moja, na kiongozi huimba huku akilitazama shamba. Akiona mkono umelegea, wimbo humgusa mwenye mkono huo, naye hucheka na kuongeza nguvu. Akiona watu wamechoka, hulipunguza pigo. Wimbo huo hutoka ndani ya kazi na hurudi ndani ya kazi. Sasa uuweke karibu na muziki wa setilaiti unaomiminika karakanani kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Muziki huo haujui kama hapa watu wanachomelea chuma au wanazika mtu. Hauharakishi wala haupumzishi. Haumjui mvivu, haumsifu mwenye bidii. Ni sauti ya kuziba ukimya tu, na mtu anayezibwa masikio namna hiyo hufanya kazi karibu na wenzake bila kufanya kazi pamoja nao. Tena katika machimbo na karakana, palipo na mashine na mawe, sikio lililozibwa ni hatari: onyo la mwenzako laweza kuokoa uhai wako, na onyo hilo halitatoka angani.

Tuje kwenye hoja ya pili, kwamba redio ya setilaiti haikatizwi. Wenzetu wanalitaja hili kama sifa kuu. Sisi tunaliona kuwa ndiyo kasoro kuu. Ni nini hicho kinachokatiza muziki katika redio ya karibu? Ni tangazo la msiba, na ndugu walio Kahama wakajua kwamba mazishi ni kesho saa nane. Ni tangazo la kupotea kwa mtoto. Ni habari ya mvua na ya daraja lililosombwa. Ni kufunguliwa kwa msimu wa pamba na bei yake. Ni salamu za mgonjwa aliyelazwa hospitali. Watu wa rika letu wanakumbuka jinsi kipindi cha Ugua Pole cha Radio Tanzania kilivyowanyamazisha watu nyumbani, kila mmoja akingoja kusikia jina la mtu wake. Mambo hayo hayaukatizi utamaduni. Hayo ndiyo utamaduni wenyewe. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Aliyejifungia mahali ambapo mbiu haisikiki hawezi kujisifu kwamba ana utulivu. Huyo amejitoa kijijini.

Na hapa hatuna budi kuikumbuka historia ya redio yetu, maana vijana wengi huidhania kuwa ni sanduku la muziki. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 ikiwa ni mtambo mdogo uliosikika mjini tu. Ilikua, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo baadaye iliingizwa katika TUT na hatimaye TBC. Chombo hicho hakikutosheka kusema, kilitaka kujibiwa. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao 2,000,000 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa. Kila juma watu walikusanyika penye redio, wakasikiliza kipindi, wakafungua kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuondoa madimbwi ya mbu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Huo ulikuwa usikilizaji wenye mikono. Wataalamu wa nchi nyingine walikuja kujifunza kwetu namna maskini walivyoweza kuifanya redio moja iwe darasa la watu wengi.

Tena redio hiyo ndiyo iliyotulea sisi watunzi. Katika kipindi cha Malenga Wetu, mtu wa Shinyanga aliweza kutuma shairi lake kwa barua, likaghanwa Dar es Salaam, na mtu wa Lindi au Pemba akalijibu kwa beti zake. Kiswahili chetu kilikomaa kwa majibizano ya namna hiyo. Je, ni kituo gani cha muziki wa setilaiti kitakachopokea shairi la mwalimu wa Ibadakuli na kulifikisha kwa hasimu wake?

Hoja ya vituo vingi nayo ni ya kitoto. Vituo mia moja visivyolijua jina la mahali unapoishi ni sawa na kituo kimoja. Mkoa huu ulipokuwa ukigeuka jangwa, mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, nao ulifanikiwa kwa sababu ulirudia hekima ya wazee ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Miti ikarudi, na mwaka 2002 mradi huo ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Neno hilo ngitili limeokoa mifugo na mashamba. Pekua vituo vyote vya muziki angani, usiku kucha, uone kama utalisikia hata mara moja. Wala si kosa la vituo hivyo. Havikuundwa kwa ajili yetu. Huko Marekani redio ya setilaiti ya kulipia iliundwa hasa kwa ajili ya madereva wa safari ndefu, nayo inawafaa. Kosa ni letu tunapodhani kwamba kilichomfaa dereva wa huko kitamfaa fundi cherehani wa hapa.

Hata hivyo, haki haina upande, nasi tusiwe wa kuona kibanzi katika jicho la setilaiti tukasahau boriti iliyo katika jicho la redio zetu wenyewe. Zipo redio za mikoani ambazo mtambo wake uko kwetu lakini roho yake haiko. Mtangazaji huchanganya Kiswahili na Kiingereza hata asieleweke na mwenye Kiswahili wala mwenye Kiingereza. Asubuhi ni uvumi wa wasanii. Mchana ni kamari ya mpira. Jioni ni kelele. Nyimbo za manju wa Usukuma hungoja sikukuu ya kitaifa ndipo zipewe dakika tano. Redio ya namna hiyo imejifunga ungo katika moyo wake. Ikiwa ndiyo tunayowapa wananchi, tusishangae wakiwakimbilia wengine, kwani katika ushindani wa Bagika na Bagalu mwenye kuimba vibaya huachwa uwanjani peke yake. Tunawaambia ndugu zetu watangazaji waziwazi: mnalo jambo moja ambalo setilaiti haitalipata kamwe, nalo ni kuwa karibu. Mkilipoteza hilo, hamna kitu.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwenye ofisi, duka au karakana ajue kwamba anapochagua sauti, anawachagulia wote walio chini ya paa lake. Na awaulize. Saa ya habari iwe ya habari; kipindi cha mkulima kisikike pale wanapopita wakulima; na uwepo pia muda wa kimya, kwani kazi nayo ina sauti yake. Pili, mzazi asiigeuze redio kuwa yaya. Watoto wa miaka iliyopita walisikiliza Mama na Mwana, kisha wakamsimulia bibi hadithi waliyoisikia, na bibi akawapa nyingine iliyo bora. Tatu, walimu wayapeleke maneno haya darasani. Wanafunzi wasikilize redio ya karibu kwa juma moja, kalamu mkononi, waandike: ni mara ngapi umetajwa mkoa wetu, ni nyimbo ngapi za kwetu zilizopigwa, ni maneno gani ya Kiswahili yaliyoharibiwa. Kisha waiandikie redio hiyo barua. Barua thelathini za darasa moja zaweza kumfanya mtangazaji abadili wimbo, kama manju anavyobadili akiona uwanja unapungua.

Nne, na hili ndilo la taifa zima, tuitumie setilaiti kama punda na tusikubali kuwa punda wake. Sauti ya mkoa uliojificha nyuma ya vilima ipandishwe angani ili Mtanzania aliye Muscat au London aisikie. Majibizano ya watunzi wetu yapande huko. Nyimbo za jembe zipande huko. Kama anga ni njia, basi na iwe ya kwenda na kurudi.

Wapo watakaosema kwamba tunawanyima watu uhuru wa kuchagua. Hatumnyimi mtu kitu. Mwaka 1969 nchi hii ilifundishwa kwamba kupanga ni kuchagua, na sisi tunachodai ni kwamba watu wachague kweli. Anayefungua king'amuzi asubuhi na kukifunga jioni, bila kujua nani aliyeimba, kwa lugha gani na kwa kisa gani, hajachagua, amechaguliwa. Kwa hiyo tunawaachia vijana ubeti huu, waujibu wakiweza:

Sauti isiyojibu, ijapokuwa laini,
Si mwenzi wala sahibu, atufaaye dhikini,
Haijui zetu tabu, za shamba na machimboni,
Tuishike ya karibu, isemayo na jirani.